Nani Anasikiliza: Sisi au Kompyuta?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi yangu ilipotea ikiwa ndani ya daftari, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili wanalijua jambo hili, lakini wengine labda hawana habari. Tangu mwaka jana chama chetu husikiliza redio za masafa mafupi. Sisemi zile za FM zinazopigwa ndani ya matatu kila asubuhi, bali zile ambazo mawimbi yake hupaa juu, yakagonga tabaka la hewa liitwalo ionosfera, yakarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yaliporushwa. Tulianza kwa ajili ya lugha. Mwalimu mlezi alitaka tukisikie Kiswahili cha watu wengine: cha Unguja, ambako mtambo wa Dole umesikika kwa miaka mingi katika kilohezi 11735, cha Redio China Kimataifa, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vinginevyo. Na sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa mabweni hawana. Usiku ni wetu. Basi kila mmoja akawa anasikiliza kwao, Ijumaa tunakutana kulinganisha. Tukafurahi, tukaiga matamshi, kisha tukaanza kubishana. Huyu anaapa alikisikia kituo fulani Jumatano, yule anasema ati kituo hicho Jumatano hakipo. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tunahitaji kuandika.

Kuandika kwenyewe si kazi kubwa. Unaweka tarehe, saa, masafa, jina la kituo, lugha, ulichosikia, na tarakimu tano ziitwazo SINPO. Kwa wasioijua, kila tarakimu huanzia 1 hadi 5, na 5 ndiyo nzuri. Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi, ya pili ni kuingiliwa na vituo vingine, ya tatu ni kelele za hewani kama zile za radi, ya nne ni kufifia na kurudi kwa sauti, na ya tano ni jumla ya hayo yote. Ukiandika 55555 babu yangu atakuuliza kama ulikuwa umeketi ndani ya studio.

Sasa maabara ya kompyuta imefunguliwa kwetu kila Ijumaa, na mlezi ametuambia tuchague programu moja iwe daftari la chama kizima. Chama kimegawanyika. Katibu wetu, ambaye namheshimu na ambaye hunishinda Hesabu kila muhula, anapendelea programu ya simu aliyoiona, yenye ramani na rangi za kupendeza. Ukiandika masafa tu, inakujazia mengine yote. Wengi wamemuunga mkono. Mimi nasema hapana, na kabla hamjaniita mshamba naomba mnisikilize.

Redio ninayosikiliza ni ya babu. Babu alikuwa karani wa stesheni katika reli hapa Voi, na pamoja na redio hiyo ana madaftari kumi na moja, mengine yamekuwa ya manjano na yananuka mafuta ya taa. La kwanza linaanza 1983, la mwisho linaishia 2015 macho yalipoanza kumsumbua. Nimeyasoma yote. Katika yale ya mwanzo utaona ameandika VoK, Sauti ya Kenya, kisha mwaka 1989 ghafla inakuwa KBC, maana ndio mwaka shirika lilipobadilishwa jina. Utaona FEBA ya Ushelisheli karibu kila wiki, halafu baada ya mwaka 2003 huioni tena, kwa sababu matangazo yake kutoka visiwa vile yalikoma. Utaona mtambo wa Wajerumani wa Kigali, uliokuwa ukipeperusha Deutsche Welle tangu miaka ya 1960, na mwisho wa Machi 2015 mstari mmoja tu: "Kigali kimya." Siku iliyofuata tena: "Kigali kimya." Ya tatu vilevile. Mtambo ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyemwambia babu. Aliujua ukimya kwa kuuandika.

Weka jambo hilo la ukimya akilini, nitalirudia.

Mimi nilianza Januari 2024 nikiwa Kidato cha Kwanza, kwa daftari la kurasa 96 na kalamu. Mwaka mzima nikaandika. Januari 2025 nikaona mbona nijitese, nikapata programu ya simu, nikaiweka kwenye simu ya mama. Jina lake silitaji, si neno. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha yale ya daftarini. Nikaenda vizuri mpaka nikafika usiku wa Mei 10 kuamkia Mei 11, 2024. Mtakumbuka wakati ule tulikuwa bado nyumbani, maana muhula wa pili ulikuwa umeahirishwa kwa ajili ya mafuriko. Usiku huo dhoruba kubwa ya jua iliipiga dunia, mojawapo ya zile kali sana kwa miaka ishirini, na watu wa nchi za mbali waliona anga likigeuka jekundu na zambarau. Mimi hapa Voi sikuona kitu, lakini redio niliisikia. Au niseme sikuisikia. Kutoka saa tatu hadi saa tano usiku nilizungusha kitufe mita 49, mita 41, mita 31, mita 25, nikapata mikwaruzo mitupu. Nikaandika: "Hakuna kitu. Hata Unguja hakuna." Sikujua ni kwa nini. Nilikuja kujua siku mbili baadaye.

Programu ikaukataa mstari ule. Ilitaka jina la kituo. Nikajaribu kuacha wazi, ikakataa. Nikajaribu nukta, ikakubali, na asubuhi yake katika orodha ya "vituo vyangu" nikakuta kituo kiitwacho Nukta. Nilicheka wakati ule. Lakini hebu fikirini: usiku ulio wa maana kuliko zote nilizowahi kuandika, ndio ambao kompyuta haikuwa na mahali pa kuuweka. Aliyeiunda hakufikiri kwamba mtu anaweza kukaa saa mbili, asisikie kitu, na hilo likawa habari.

Niliendelea nayo miezi minane. Mwezi Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalikatika ghafla, baada ya wafanyakazi wake kupewa likizo ya lazima. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza kwa Kiingereza, na nilikuwepo. Niliandika masafa baada ya masafa, kimya, kimya, muziki, kimya. (Siku hizo nilikuwa nimejifunza kumdanganya yule bwana Nukta.) Ilikuwa ni Kigali yangu. Mwezi wa Agosti simu ya mama ikaanguka ndani ya karai la maji. Akanunua nyingine na laini nyingine. Nikafungua programu ili niingie, ikaniambia itanitumia namba ya siri kwenye laini ile ya zamani. Nikaandika barua pepe, sikujibiwa. Miezi minane ikaenda, na ile Machi ndani yake. Babu ana Kigali yake kwenye karatasi ya manjano. Mimi sina cha kumwonyesha mtu.

Mtasema kosa ni langu, sikuweka nakala. Ni kweli, na nimeadhibiwa. Lakini nilitafuta mahali pa kutoa nakala katika programu ile nisipaone. Ilipokea kila kitu na haikurudisha chochote, isipokuwa picha ya ramani ya kuwaonyesha marafiki.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili linaniona haya, na ningelinyamazia kama si uchaguzi huu.

Septemba 2025 nikaanza kutumia programu nyingine, safari hii kwenye kompyuta ya maabara. Nyumbani nasikiliza, nakwaruza kwenye karatasi, Ijumaa napiga chapa. Programu hiyo ilikuwa na ratiba ya vituo ndani yake. Ukiandika masafa na saa inakuletea jina, wewe unabonyeza tu. Ijumaa moja ya Novemba nilikuwa na karatasi yenye mstari huu: mita 31, masafa yenyewe, saa mbili usiku, mwanamume anazungumza, muziki wa zeze au kitu kama zeze, lugha sijui, kituo sijui. Nikapiga masafa. Kompyuta ikanipa jina. Jina zuri, la nchi ya mbali ambayo hakuna yeyote katika chama aliyewahi kuisikia. Jameni, moyo ulinidunda. Nikabonyeza. Kisha, na hapa ndipo penye haya, nikachukua rula nikalikata lile neno "sijui" kwenye karatasi, nikaandika jina la kituo juu yake kwa wino.

Wasikilizaji huwa na desturi ya kukiandikia kituo taarifa ya usikivu, nacho kikiridhika hukujibu kwa kadi iitwayo QSL. Kadi hizo ndizo medali zetu. Babu anazo ishirini na tatu ukutani. Nami nikaandika taarifa, nikaweka SINPO 34333, nikasifu muziki wao, nikatuma kwa ruhusa ya mwalimu kwa anwani ya shule. Wiki tatu baadaye likaja jibu. La adabu sana. Walishukuru, kisha wakasema matangazo yao katika masafa hayo yalikoma mwisho wa Oktoba, msimu ulipobadilika, na je, ningeweza kuwaeleza zaidi ni kitu gani hasa nilichosikia?

Nikapigwa na butwaa. Kumbe vituo vya masafa mafupi hubadilisha ratiba mara mbili kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2025 ile ya Oktoba ilikuwa tarehe 26. Ratiba iliyokuwa ndani ya programu ilikuwa ya msimu uliopita. Nilikuwa nimewasifu watu kwa muziki ambao hawakuupiga, na barua ilikuwa na jina la shule yetu juu.

Nilimwonyesha babu karatasi. Aliiinua karibu na jicho lake zuri.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na 'sijui', babu."

"Na nani aliyekuambia ni hawa? Uliwasikia wakijitaja?"

"La, babu. Ni kompyuta."

Hakukasirika. Alisema, "Mjukuu wangu, pale stesheni ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani. Inasema gari la Mombasa litafika saa kumi na moja. Sasa mimi nikae, saa kumi na moja ipige, niandike kitabuni 'limefika'? Na kama limekwama Maungu?"

Mpenzi msomaji, hoja yangu nzima imo humo. Ratiba ni kitu kimoja na kitabu cha karani ni kitu kingine, na programu inayovichanganya imeua vyote viwili. Tukiwa wanachama thelathini, kila mtu akibonyeza jina lililoletwa, mwisho wa mwaka tutakuwa na nakala thelathini za ratiba ileile na tutaiita usikilizaji. Kwani ratiba si tunaweza kuisoma tu? Ipo orodha ya EiBi, hutungwa huko Ujerumani na hutolewa bure, msimu wa kiangazi na msimu wa baridi. Mimi naitumia. Lakini naifungua nikishamaliza kuandika, kama mtu anayesahihisha mtihani wake baada ya kuufanya, si kabla.

Katibu ana hoja zake na lazima nimtendee haki. Anasema katika madaftari ya babu ukitaka kujua ni mara ngapi Unguja ilisikika mwezi wa Juni utahesabu mpaka macho yatoke, ilhali kompyuta inakujibu kwa dakika. Ni kweli kabisa, nami nimehesabu na macho karibu yatoke. Anasema pia kuna programu kubwa za bure zinazoheshimiwa duniani. Nimezitazama. Log4OM ni ya kompyuta za Windows, CQRLOG ni ya Linux, na zote mbili zimeundwa vizuri. Lakini ziliundwa kwa ajili ya maredio wenye leseni, wale wanaozungumza wao kwa wao hewani na kila mmoja ana alama yake, ya Kenya ikianza na 5Z. Mstari mmoja kwao ni mazungumzo ya watu wawili. Sisi hatuzungumzi na mtu. Ningejaza nusu ya visanduku na nusu ningeviacha vikinitazama. Hata hivyo nazisifu kwa jambo moja: zinatoa kumbukumbu zako kwa mtindo uitwao ADIF, uliobuniwa mwaka 1996, ambao ni maandishi ya kawaida. Programu ikifa leo, kesho utayafungua kwa nyingine. Ile ya katibu haina kitu kama hicho. Nilimwuliza. Alisema atatazama, hajarudi.

Tena kuna jambo la saa, ambalo kwetu Waswahili ni kichekesho. Dunia nzima ya masafa mafupi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa tatu. Mzungu anaondoa tatu, basi. Sisi saa zetu zinaanza jua linapochomoza. Saa tatu usiku, kwa mtindo wa Kizungu ni 2100, ukiondoa tatu ni 1800 UTC. Asubuhi ni rahisi ajabu, unaongeza tatu kwenye saa ya Kiswahili na umefika: saa moja asubuhi ni 0400. Lakini kutoka saa sita usiku hadi saa tisa usiku hapa kwetu kumeshakucha tarehe mpya, na kwa UTC bado ni jana. Nusu ya ugomvi wetu wa Jumatano ulikuwa ni huo tu! Programu ya simu huchukua saa ya simu bila kukuuliza, na mmoja akiwa amepanga simu yake vibaya, kwisha. Afadhali mtu apige hesabu mwenyewe na aandike saa zote mbili.

Basi nataka nini? Nataka jedwali. Jedwali tupu la kompyuta, lile la LibreOffice ambalo tayari limo katika mashine za maabara na halidai akaunti wala intaneti. Tulihifadhi kama CSV, ambayo ni maneno yaliyotengwa kwa mkato, basi, na hata kompyuta ya kizee kabisa inaisoma. Mmoja achukue nakala kwenye flashi kila Ijumaa, mwingine achapishe karatasi kila muhula. Lina ila zake. Usipoliambia mapema kwamba safu ya saa ni maandishi, litaifanya 0015 kuwa 15, na utadhani mtu alisikiliza dakika badala ya saa. Nimeshaumwa na nyoka huyo. Pia halina ramani. Anayetaka ramani tutamtafutia ya ukutani kutoka darasa la Jiografia.

Tena nani atatumia simu? Shuleni haziruhusiwi. Nyumbani, kati yetu thelathini, nimehesabu kumi na wawili wanaoweza kuishika simu ya mzazi jioni bila kugombana na mtu. Hao wengine kumi na wanane, baadhi yao ndio wasikilizaji wazuri kuliko sote; yuko msichana wa Kidato cha Pili, kwao ni mbali na nyaya za stima na redio yake haina mkoromo hata kidogo. Kwa programu ya katibu yeye angekuwa mgeni katika chama chake. Kwa jedwali anakuja na karatasi yake Ijumaa kama mimi.

Nimekwisha kulitengeneza jedwali hilo, limo katika mashine ya tatu kutoka dirishani. Lina safu za kawaida, na tatu ambazo nimeziongeza. Moja inauliza redio iliyosikiliza ilikuwa wapi, kwa sababu mwenzetu mmoja alituletea orodha ndefu ya kupendeza, kumbe alikuwa amesikiliza kwa intaneti kupitia kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na akaandika "Voi". Si dhambi kusikiliza kwa kipokezi hicho, lakini masikio yalikuwa Uholanzi. Ya pili inauliza jina la kituo lilitoka wapi: S kama ulilisikia kwa sikio lako, O kama umelitoa kwenye orodha, na alama ya kuuliza kama hujui. Ya tatu ni ya kimya, na mstari wake unakubali kuhifadhiwa bila jina lolote.

Tutapiga kura katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, Ijumaa, saa kumi jioni, maabara ya kompyuta. Katibu amekubali aonyeshe yake kwanza nami nifuate. Njooni na karatasi zenu kama zilivyo, msizikate kwa rula. Yangu ya Novemba nitakuja nayo. Nimeliandika tena "sijui" pembeni, ila lile jina la wino halifutiki.